Rangi za Mlango wa Baba

Karakana, 4 Februari 1988

Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo, na mguu wa wifi umeacha kuvimba. Nimesikia binti yenu amerudi nyumbani na mtoto. Mwambie shangazi yake anamsalimu, na huyo mjukuu mbusu shavu kwa niaba yangu mpaka nije nimbusu mwenyewe. Mimi sijambo. Tumbo hunisokota siku mbili tatu, kisha huniacha. Nadhani ni vyakula vya kununua.

Sasa usikasirike. Najua utasema, "Kitinda haandiki mpaka awe na shida." Ni kweli nina shida, ila safari hii ni shida nzuri. Mwezi wa Agosti jumba la sanaa la hapa litaonyesha kazi za karakana yetu. Tuko watatu. Mama Sabuni huchonga sura za watu kwa miche ya sabuni ya kufulia, na ukizigusa mikono inanukia. Fundi Waya husuka wanyama kwa waya za breki za baiskeli. Mimi nafanya kazi ya rangi, lakini si ya kupaka. Ni ya kubandua.

Nikueleze. Mlango wa zamani umepakwa rangi juu ya rangi kwa miaka mingi. Ukiibandua kwa patasi inatoka maganda, na ganda moja lina matabaka kama kitunguu. Nayapanga maganda hayo, nayaunganisha kwa gundi na kuyabana kwa jeki ya gari mpaka yawe gogo. Gogo hilo nalikata kwa msumeno, nalisugua kwa msasa, na ndani yake inajitokeza mistari ambayo hakuna mkono unaoweza kuichora. Nimeshachonga bakuli, bega la mwanamke na sikio kubwa. Watu huuliza, "Hili ni jiwe gani?"

Uliniandikia mwaka jana kwamba unataka kuitengeneza nyumba ya Baba mnamoishi. Milango ile aliipaka kila mwaka kwa rangi zilizosalia kazini kwake: bluu ya vitanda vya hospitali, kijani cha madawati, krimu ya ofisi na ile nyeupe aliyoipenda mno. Nakuomba usiitupe. Nibandulie, unitumie kwa basi.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani, 1 Machi 1988

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mguu wa wifi yako umepungua uvimbe, ingawa maneno yake hayajapungua. Binti yangu anatafuta kazi katika kiwanda cha nguo, nasi tunabaki na mwanawe mchana kutwa. Mtoto huyo anatembea sasa, au niseme anakimbia huku akianguka. Hakuna kitu sakafuni asichokiokota, akakigeuza, akakitazama kwa makini, kisha akakitia kinywani. Wifi yako amempa jina la Mkaguzi. Ameshajua kusema "babu", "maji" na "hapana", na hilo la mwisho ndilo alipendalo kuliko yote.

Kuhusu shida yako. Nimefundisha watoto kuandika sentensi kamili maisha yangu yote ya kazi, lakini sijapata kusikia habari za gogo la rangi. Nilipomsomea wifi yako barua, alisema, "Wenzake wanajenga nyumba, yeye anazichuna za watu!" Nilicheka, kisha nikachukua patasi. Mlango wa jikoni nimeumaliza. Gunia litakuja kwa basi la Ijumaa, nalo ni zito kuliko linavyoonekana.

Nilipokuwa nikibandua nilimkumbuka Baba alivyokuwa akiichongoa ncha ya brashi kwa midomo kabla ya kuandika herufi za bango. Nawe ulikuwa ukisimama nyuma yake na kijiti chako, ukimwiga. Ulikuwa mtoto mwembamba, tena ulichelewa sana kusema. Mama alikuwa na hofu kwamba hutasema kamwe. Angekusikia leo angeomba unyamaze kidogo.

Tumbo hilo lionyeshe kwa daktari. Na barua ijayo iandike kwa mistari iliyonyooka. Hii yako inateremka upande wa kulia kama mtu anayeshuka mlima.

Kaka yako


Karakana, 30 Machi 1988

Kaka Mkubwa,

Shikamoo, na asante. Natumaini wote ni wazima, na Mkaguzi anaendelea kuikagua nyumba yenu bila kuchukua rushwa. Mwambie binti yako asikate tamaa, kiwanda kitamwita.

Gunia lilifika. Nililifungua mbele ya wenzangu, nikaona ile bluu, nikakaa chini. Fundi Waya alidhani nimeumwa na kitu. Nikamwambia, "Hiki ni kitanda nilichozaliwa juu yake." Akaniona kama mtu aliyerukwa na akili.

Kazi inakwenda vizuri. Ganda likiwa na vumbi huwezi kujua rangi zilizomo, kwa hiyo nalilowesha kwa ulimi, nalo linaamka. Fundi Waya hucheka: "Wewe dada, unapika au unachonga?" Namjibu kwamba nimefundishwa na baba yangu na sina mwalimu mwingine. Halafu, Kaka, ulijua kwamba rangi ya zamani ina utamu? Ile nyeupe hasa. Ni utamu mdogo unaokuja nyuma, kama wa maziwa. Siku hizi naonja hata kabla ya kutazama.

Mama Sabuni analalamika kwamba nimekuwa mkali. Juzi nilimrushia patasi, haikumpata, nikalia mimi badala yake. Ni uchovu tu. Daktari nitamwona baada ya Agosti.

Sasa nina swali. Jumba la sanaa wanataka maelezo mafupi ya kubandika ukutani, nami nataka kuandika habari za Baba. Alikufaje? Nilikuwa mdogo. Nakumbuka ameketi kitini, mikono imelala mapajani kama mikono ya mtu mwingine. Kila nilipouliza mlisema, "Aliugua." Aliugua nini?

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani, 9 Mei 1988

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nyumba haina utulivu. Binti yangu amepata kazi kiwandani, tunashukuru. Wifi yako hajambo. Mkaguzi ndiye anayetutia wasiwasi. Anashika tumbo na kulia, hataki uji wala ndizi, na akiguswa anapiga makelele. Mama yake anasema ni meno. Wifi yako alisema ni minyoo, tukampa dawa, lakini minyoo hatukuiona. Ajabu ni kwamba ukimweka kwenye kona ya mlango wa sebuleni ninapofanyia kazi, hutulia. Hucheza na maganda yake peke yake mpaka ukasahau kwamba yupo.

Gunia la pili linakuja. Ni la mlango huo wa sebuleni. Umebaki mlango wa chumba cha Baba, ambao una rangi nene kuliko yote. Panya wameutafuna ukingo wake, huko chini. Nimetega mtego, nimebadilisha chambo, hawanasi. Panya wa nyumba hii wana meno mapana na akili nyingi.

Kuhusu Baba: aliugua. Andika kwamba alikuwa fundi rangi mwenye mkono mzuri, na kwamba mabango yake yalisomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hayo ni ya kweli na yanatosha.

Hukuniambia kama tumbo limepona.

Kaka yako


Karakana, 12 Juni 1988

Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Msalimu wifi. Mpongeze binti yako kwa kazi. Mkaguzi ameanza kula?

Nisamehe mwandiko. Mkono wa kulia umechoka. Nikiinua patasi, kifundo kinajikunja na kiganja kinateremka chenyewe, kama mtu anayesinzia kanisani huku akijidai yuko macho. Naushika kwa mkono wa kushoto, naendelea. Jana nililisahau jina la Fundi Waya, nikamwita "wewe wa baiskeli". Alicheka, lakini Mama Sabuni hakucheka. Alisema, "Dada, nenda hospitali kwa miguu yako kabla sijakubeba." Nikamwambia sabuni imemwingia kichwani.

Siwezi kwenda sasa. Nimeanza kazi kubwa kuliko zote. Ni mikono miwili ya Baba, imelala kama ilivyokuwa imelala mapajani, yenye ukubwa wa mtu mzima aliyeketi. Mkono wa kushoto umekamilika. Wa kulia unahitaji mlango wa chumba chake, kwa sababu nataka rangi zote alizozishika. Ubandue, tafadhali, unitumie kabla ya mwisho wa Julai. Hata unga wake nautaka. Nitauchanganya na gundi.

Na hukunijibu. "Aliugua" si jibu, ni pazia. Wewe ulikuwa kijana mkubwa wakati ule, ulijua kila kitu. Nachonga mikono ya mtu nisiyejua iliharibiwa na nini. Usinitumie gunia tu. Nitumie na ukweli.

Kitinda


Nyumbani, 8 Julai 1988

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu. Mama yake Mkaguzi anakwenda kazini na kurudi analia.

Umenilazimisha, basi soma. Baba alikuwa akinywa. Mikono yake ilianza kutetemeka. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka ukuta wa shule, mbele ya vijana niliosoma nao. Alisahau majina yetu. Alimfokea Mama, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti. Wakubwa wake kazini walisema ni ulevi, wakamwachisha kazi, na mtaa mzima ukajua. Akakaa kwenye kile kiti mpaka alipokufa. Mama alinikataza nisikwambie, nami nimemtii mpaka leo. Usiyaandike hayo ukutani. Watu wasio na haya na wazazi wao ni wengi, usiongeze idadi.

Mlango wake nimeushughulikia. Mvua hainyamazi, kwa hiyo niliung'oa na kuulaza juu ya viti sebuleni, madirisha yamefungwa. Patasi haikuufaa, rangi imeshikana mno. Nimeusugua kwa msasa mkavu juma zima. Unga wake nimeukinga kwenye kopo kama ulivyotaka, ingawa mwingi umepotea hewani. Mkaguzi alikaa chini ya mlango kama mtu aliye hemani, akatoka mweupe kuanzia nywele mpaka kope, sawasawa na mwoka mikate. Tulicheka wote. Hatukuwa tumecheka kwa muda mrefu.

Maana siku hizi hasemi. "Babu" ilitangulia kupotea, kisha "maji". Sasa hata "hapana" ameiacha. Natamani anikatalie kitu.

Kaka yako


Wodini, 11 Julai 1988

Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa Mama Sabuni, maneno ni yangu. Mikono yangu haishiki kalamu. Zaidi ya hiyo shikamoo sina salamu, utanisamehe.

Nilianguka karakanani. Daktari aliufunua mdomo wangu, akaona mstari wa bluu kwenye fizi, akaniuliza kazi yangu. Nilipomweleza aliiweka kalamu mezani. Alisema rangi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, nyeupe kuliko zote, na kwamba madini hayo ni sumu. Huingia kwa kinywa na kwa vumbi, kisha hukaa mifupani. Mtu huanza kuumwa tumbo, halafu huja ule ukali, halafu kusahau, na mwisho mikono huning'inia. Nilimwambia, "Nimewahi kumwona mtu wa hivyo." Akauliza, "Alikuwa na kazi gani?" Nikalia.

Barua yako ya kunijibu sijaiona. Lakini najua mnachonificha, Mama aliwahi kuponyokwa na neno. Mlisema ni pombe. Kaka, wewe ulimwona Baba na chupa? Kwa macho yako mwenyewe?

Lakini hilo lingoje. Nilimwomba Mama Sabuni anisomee barua zako zote, kwa kuwa nilitaka kusikia habari za nyumbani. Alipofika ile ya Mei aliuliza, "Huyu mtoto anacheza na maganda gani?" Hapo nikaelewa. Mimi nilikuwa nimeisoma barua ile, nikarukia habari za gunia.

Acha kazi. Usiuguse mlango wa Baba. Mtoeni mtoto nje ya nyumba leo hii, mumwoshe na kumbadilisha nguo. Msifagie, vumbi litaruka. Futeni kwa maji na matambara, mkayatupe. Mpelekeni hospitali na mtaje madini ya risasi, msiwaache wakadhani ni meno wala minyoo. Daktari wangu anasema mtu mzima hustahimili kiasi, lakini mtoto mdogo hana pa kuiweka sumu hii ila kichwani.

Nimetuma telegramu pia. Posta wanasema nyaya za upande wenu zimeangushwa na mvua, kwa hiyo huenda barua ikatangulia. Mama Sabuni ameipeleka kituoni mwenyewe, akampa dereva mkononi.

Kazi zangu nimeziondoa kwenye maonyesho. Karakana imefungwa. Mkono mmoja wa Baba umebaki humo, umefunikwa turubai.

Kitinda

Mimi niliyeandika naongeza: dada yako hali, halali, anauliza kama basi limefika. Mjibu upesi, hata kama ni neno moja.


Hospitalini, 29 Julai 1988

Kitinda,

Barua yako na telegramu zilifika siku moja. Dereva aliipeleka barua mpaka mlangoni, akaikuta nyumba imefungwa, akaambiwa na majirani mahali tulipo, akaja nayo mpaka hapa. Mshukuru Mama Sabuni.

Tulikuwa tumeshaletwa. Degedege ilimshika mtoto siku ya Jumapili, mikononi mwa wifi yako. Walikuwa wakimtibu malaria. Nilimpa daktari barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, akakimbia. Sikuwahi kumwona daktari akikimbia.

Sasa anachomwa sindano za kuitoa sumu hiyo. Degedege imekoma. Macho yake yako wazi, lakini yanatazama dari, na mama yake akimwita hayageuki. Tunaambiwa tusubiri. Wifi yako hasemi nami. Binti yangu amenisemesha mara moja tu. Alisema, "Baba, wewe mwalimu mzima, siku zote ulizokuwa ukimtazama pale chini ulidhani anakula nini?"

Uliniuliza habari za chupa. Sikumwona nayo. Si nyumbani, si njiani, si mara moja. Nilimwona akianguka, nikaamini nilichoambiwa, na nikamwonea haya mpaka anazikwa. Sasa waweza kuyaandika yote ukutani.

Jana nilirudi nyumbani kuchukua nguo. Nilifunga kitambaa puani kama daktari alivyoniagiza, nikapita sebuleni. Mlango ungali umelala juu ya viti, kopo la unga liko kando yake. Nilipiga magoti nikautazama ukingo wake, sehemu iliyokuwa chini uliposimama. Alama zile si za panya. Ni meno ya mbele, madogo, mapya, yamefika kwenye mti. Basi nikagundua na nyingine pembeni yake, mahali ambapo msasa ulikuwa umeshuka mpaka tabaka la chini kabisa. Hizo ni za zamani sana. Baba alizipaka rangi juu, mwaka baada ya mwaka, bila kujua anafunika nini. Nilizipima kwa kidole. Ni kimo kile kile, cha mtoto aliyekaa chini.

Wakati ule mimi nilikuwa nimeshaanza kunyoa ndevu. Mtoto wa kimo hicho katika nyumba ile alikuwa mmoja tu.

Daktari wako akikuuliza sumu hii ilianza kukuingia lini, usimtajie karakana.

Kaka yako